Njozi Zinahitaji Zizi

Katika wilaya zetu za Tarime na Serengeti hakuna asiyejua thamani ya zizi. Ng'ombe mia wasio na zizi ni hasara kwa mwenyewe na balaa kwa jirani. Usiku huingia mashambani, na kukicha mzee huitwa barazani kulipa fidia kwa sababu ya mifugo ile ile iliyopaswa kuwa utajiri wake. Leo twapenda kusema neno juu ya mali nyingine ya wilaya hizi, mali isiyohesabiwa katika mahari wala kupigwa chapa. Mali hiyo ni njozi za mtu aliyezaliwa na fikra zisizotulia, na hasa yule aliyechagua kuzifanyia kazi kwa kuandika hadithi.

Mtu wa namna hiyo hakosekani kijijini. Akipanda basi la kutoka Musoma kwenda Mugumu, wenziwe huona abiria. Yeye huona visa. Mama aliyekaa mbele yake amekumbatia fuko la karanga. Kabla basi halijatoka stendi, mama huyo amekwisha kupewa mume aliyetoroka, deni la dukani, na mwana aliyekwenda kutafuta dhahabu Nyamongo asiyeleta habari. Basi likifika Nata, mwana amepatikana akiwa maiti, na machozi yanamlenga mtu huyu kwa ajili ya mama ambaye hata jina lake hakumwuliza. Mama mwenyewe anatafuna karanga zake kwa amani.

Simu ikilia usiku wa manane, watu wengine huuliza ni nani. Yeye, kabla hajaipokea, amekwisha kuchimba kaburi, amepokea rambirambi na amegombana na shemeji juu ya shamba la marehemu. Mtoto akichelewa kurudi kutoka kisimani, amekwisha kumwona chini ya gurudumu la lori, na rangi ya lori anaijua. Akisikiliza kesi ya wizi wa ng'ombe, yuko moyoni mwa mlalamikaji na moyoni mwa mshitakiwa kwa wakati mmoja, na ng'ombe naye ana la kusema. Akilala, waliobuniwa mchana humjia wakidai wamalizwe. Maisha ya namna hiyo yana utamu wake, lakini yana uchovu mkubwa, na aliye nje ni shida kuuona.

Jamii imezoea kumpa mtu huyu majina mawili. La kwanza ni mwongo. Mtoto anayesimulia kwamba ameona mamba akivuka Mto Mara akiwa amebeba mtungi hupigwa fimbo, na mwalimu huandika katika ripoti kwamba tabia yake si nzuri. La pili ni kichaa, nalo humpata akiwa mtu mzima, akionekana anatembea peke yake huku midomo ikicheza. Majina yote mawili hayamstahili, na madhara yake kwa jamii ni makubwa kuliko tunavyodhani.

Tuanze na uongo. Wazee waliotutangulia walikuwa na busara katika jambo hili. Msimuliaji wa hadithi hakuanza kusema ovyo. Alibisha hodi kwanza: "Hadithi, hadithi!" Nao waliokaa wakamjibu, "Hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea." Tuyatazame maneno hayo vizuri. Uongo unaitwa kwa jina lake, hadharani, na wote waliopo wanaukaribisha kwa hiari. Hakuna aliyedanganywa. Mwongo ni yule asiyebisha hodi, aletaye jambo alilolibuni na kulivika nguo ya habari ya kweli ili apate faida au amwangamize mwenziwe. Mwandishi anayeandika juu ya jalada la kitabu chake kwamba hii ni riwaya amebisha hodi kama walivyobisha wazee.

Juu ya ukichaa, yafaa tuwe waangalifu. Yapo maradhi ya akili, ambayo huwafanya wagonjwa wasikie sauti na kuona watu wasiokuwapo, na wagonjwa hao wanastahili hospitali na huruma, wala hawastahili kamba na dhihaka. Lakini tofauti ipo. Mgonjwa hawezi kuifunga njozi yake. Yeye ndiye aliyefungwa nayo. Mwandishi huingia katika njozi na kutoka, hata kama kutoka kwenyewe humchosha. Na ikitokea siku mwandishi akaona kwamba hawezi tena kutoka, basi naye aende kwa mganga wa hospitali kama mgonjwa mwingine yeyote, wala asione haya.

Dunia nzima inawajua watu wa aina hii. Binti wa Charles Dickens, aliyeitwa Mamie, ameeleza kwamba alipokuwa mtoto alimwona baba yake akiruka kutoka kitini, akikimbilia kioo na kukunja uso namna kwa namna, kisha akirudi mezani kuandika kwa haraka. Gustave Flaubert wa Ufaransa alimwandikia msomi mwenziwe mwaka 1866 kwamba alipokuwa akisimulia jinsi Emma Bovary alivyokunywa sumu, yeye mwenyewe aliionja sumu hiyo kinywani hata akatapika chakula chake. Kama Dickens angalikuwa mpangaji katika nyumba fulani ya Tarime mjini, hapana shaka mwenye nyumba angalimwita mchungaji aje amwombee.

Lakini hatuna haja ya kwenda mbali. Kutoka Kisorya, wilayani Bunda, katika mkoa wetu huu, kivuko huwavusha watu kwenda Ukerewe. Kisiwa hicho kimetoa waandishi watatu ambao taifa haliwezi kuwasahau: Aniceti Kitereza, Gabriel Ruhumbika na Euphrase Kezilahabi. Ni majirani zetu. Maji wanayoyaandika ni maji yale yale yanayopiga kingo za Musoma.

Kezilahabi, aliyezaliwa mwaka 1944, alitoa riwaya ya Rosa Mistika mwaka 1971. Kitabu hicho kilipata kupigwa marufuku shuleni, kisha kikaja kusomwa shuleni humo humo. Mwaka 1974 alitoa Kichwamaji, kisa cha kijana msomi aitwaye Kazimoto ambaye fikra zake zinamla mpaka anajiua. Wapo wasomaji waliomwogopea mwandishi. Walidhani mtu awezaye kuwaza giza la namna hiyo hana maisha marefu. Yaliyotokea ni kinyume. Kazimoto alikufa ndani ya kitabu. Aliyembuni aliendelea kuandika riwaya, tamthiliya na mashairi, akafundisha katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na baadaye Botswana, hata alipofariki Januari 2020. Giza alilipa chumba cha kukaa, nalo likakaa humo.

Kitereza ni fundisho la namna nyingine. Aliikamilisha hadithi yake ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka mwaka 1945, katika lugha ya Kikerewe. Hakupatikana wa kuichapa. Hakuitupa. Aliitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, kurasa mamia kwa mamia, na Tanzania Publishing House ikaitoa mwaka 1980. Mwaka uliofuata alifariki. Kwa miaka 35 mtu yule aliishi na wana wa kufikirika ambao hakuna jirani aliyewaona. Leo ukitaka kujua jinsi Wakerewe walivyooa, walivyolima, walivyovua na walivyouguzana kabla ya wageni kuwatawala, humo ndimo pa kutafutia.

Naye Shaaban Robert, aliyeishi kati ya 1909 na 1962, alikuwa karani wa serikali ya kikoloni. Karani huketi mahali alipowekwa na huandika anachoamriwa. Hata hivyo kichwani mwa karani huyo mlikuwamo nchi nzima iliyoning'inia angani, nayo akaiita Kusadikika. Kitabu kilichapwa mwaka 1951, wakoloni wakiwa bado juu ya shingo zetu, na ndani yake mshitakiwa Karama anasimama mbele ya watawala akiwasomea dhuluma zao. Nyingine akaiita Kufikirika. Angalizitaja dhuluma hizo kwa majina ya wahusika wa Tanganyika, angaliipoteza kazi yake, na labda uhuru wake. Njozi ilimpa mahali pa kusemea ukweli.

Tumewataja watu hawa ili tuonyeshe jambo moja: kila mmoja wao alijijengea zizi. Fikra zisizotulia haziwezi kuzimwa kama taa, na anayejaribu kuzizima hujiumiza bure. Lakini zaweza kufungiwa jioni na kufunguliwa asubuhi. Zizi la mwandishi ni daftari na saa maalumu. Kazimoto akiwa na sura yake ya kuishi, hana sababu ya kuja kitandani. Hofu ya lori likimponda mtoto, ikiandikwa juu ya karatasi kuwa hofu ya baba fulani wa kubuni, hupunguza makali na baba wa kweli huweza kwenda kumpokea mwanawe njiani bila kutetemeka. Na kuanza hakutoshi. Hadithi mia zilizoanzwa bila kumalizwa ni ndama mia wanaolia nje ya zizi usiku kucha. Anayetaka kulala na amalize.

Zizi hilo lina miiba upande wa nje pia, kwa kuwalinda majirani. Katika vijiji vyetu, ambako kila mtu anajua jina la ng'ombe wa kila mtu, mwandishi akitoa kisa cha mzee mchoyo, wazee watano watakuja kulalamika kwamba wameandikwa wao. Hilo haliepukiki. Lakini yule anayechukua kovu la jirani, idadi ya wake zake na siri aliyoambiwa kwa kuaminiwa, akazitia zote kitabuni kwa kubadili jina tu, huyo hakubuni kitu. Ameiba, na wizi wa siri ni mbaya kuliko wizi wa mifugo, maana siri hairudishwi kwa kufuata nyayo.

Sasa tutazame njozi zisizo na zizi, maana ndipo ulipo msiba wetu. Wilaya ya Tarime imepata kuona koo zikipigana kwa mishale na mapanga, nyumba zikichomwa, hata ikalazimu kuundwa kanda maalumu ya polisi ya Tarime na Rorya. Watu husema chanzo ni ardhi na mifugo, na ni kweli. Lakini kati ya ng'ombe kupotea na mshale kuruka, aghalabu hupita hadithi. Mtu fulani hakumwona mwizi, ila anaweza kumweleza: kimo chake, ukoo wake, njia aliyopita, na maneno aliyoyasema akicheka. Wasikilizaji wanawaka. Mtu huyo angezaliwa penye daftari, huenda angekuwa mwandishi mzuri wa riwaya za upelelezi. Kwa kuwa hakubisha hodi, watu wamekufa.

Vivyo hivyo kwa vikongwe. Kwa miaka mingi Kanda ya Ziwa imekuwa ikiwaua bibi zake kwa tuhuma za uchawi, kwa sababu ya macho mekundu ambayo yametokana na moshi wa kuni walizozipulizia maisha yao yote wakitupikia. Kumwona mchawi katika bibi aliyechoka ni kazi ya kubuni. Ni hadithi kamili, ina mhusika, ina usiku, ina fisi wa kupandwa. Kasoro yake ni kwamba aliyeitunga haijui kuwa ni hadithi. Tunapenda kusema, "Lisemwalo lipo." Methali hiyo ina mahali pake, lakini imekwisha kubebeshwa maiti wengi mno.

Twadai kwamba mtu aliyezoea kusoma na kutunga hadithi ni mgumu kudanganywa na uvumi. Anajua jinsi kisa kinavyoundwa, kama fundi anavyojua mahali misumari ilipofichwa. Akiletewa habari tamu kupita kiasi, yenye mwovu mmoja asiye na hata chembe ya wema, huuliza: nani ameyaona haya, na alikuwa amesimama wapi?

Tena njozi zina kazi ya kuokoa. Ufikapo mwezi Desemba, shule zikifungwa, wapo wasichana wa Tarime na Serengeti wanaokimbia makwao ili wasikeketwe. Sheria ya mwaka 1998 imekataza ukeketaji wa walio chini ya miaka 18, lakini sheria haitembei usiku pamoja na mtoto porini. Nyumba salama ya Mugumu na kituo cha Masanga wilayani Tarime zimewapokea wengi. Tujiulize, msichana wa miaka kumi na miwili anapata wapi nguvu ya kuondoka? Mama yake alikeketwa, na bibi yake, na dada zake. Ameambiwa kwamba asiyetahiriwa ni mkosi, na kwamba hataolewa. Kila alichokiona kwa macho kinamwambia abaki. Ili aondoke ni lazima kwanza awaze maisha ambayo hajapata kuyaona, ayaamini kiasi cha kuyakimbilia. Uwezo huo ndio ule ule tunaoupiga fimbo darasani na kuuita uongo.

Liko na jambo la heshima ya wilaya zetu. Mwaka 1959 Mjerumani Bernhard Grzimek alitoa kitabu na filamu juu ya Serengeti, baada ya yeye na mwanawe Michael kuwahesabu wanyama kwa ndege. Michael alikufa katika ajali ya ndege hiyo Januari mwaka ule ule. Filamu ikapata tuzo ya Oscar mwaka 1960, na tangu hapo mamilioni ya watu duniani, wakisikia neno Serengeti, huona nyasi, nyumbu na jua linalozama. Hatumlaumu aliyependa wanyama wetu. Lakini wako wapi Waikoma, Wanata, Waisenye na Wangurimi? Wako wapi watu wa Robanda wanaoamka na tembo shambani? Katika njozi ya dunia hawamo, na asiyekuwamo katika njozi ya watu si rahisi akumbukwe katika mipango yao.

Tarime nayo imebuniwa na wengine. Mtu ambaye hajavuka daraja la Kirumi atakuambia kwa uhakika kwamba kila Mkurya ana panga mkononi na hasira kichwani. Hajui habari za mpigaji ritungu anayewafanya wazee walie kwenye sherehe, wala za mwanamke anayeamka alfajiri kuwahi soko la Sirari. Malalamiko hayatafuta picha hiyo. Itafutwa na riwaya nzuri moja ambayo ndani yake Mkurya anapenda, anaogopa, anakosea na kucheka, mpaka msomaji wa Lindi aseme, "Kumbe ni mtu kama mimi."

Tufanye nini? Hatuhitaji mradi wa mabilioni. Mzazi mwenye mtoto asimuliaye mamba wenye mitungi na amnunulie daftari, amwambie: haya ya hadithi yaandike humu, na ya kweli niambie mimi. Kwa maneno hayo machache amemfundisha mwanawe kubisha hodi. Walimu wa Kiswahili na wapunguze insha za mada zilizochakaa, na kila shule irudishe lile gazeti la ukutani ambalo zamani lilikuwa fahari ya shule, watoto wasomane wakingali wadogo. Halmashauri zetu na zitenge rafu moja ya vitabu vya hadithi katika vituo vya walimu vya kata, vikiwamo vya Kitereza na Kezilahabi, majirani zetu. Waandishi chipukizi wa Tarime mjini na Mugumu na wakutane mara moja kwa mwezi kusomeana kazi zao, kwa sababu mtu aishiye peke yake na njozi hushindwa kupima ipi ni nzuri na ipi ni kelele.

Njia ya mbele ipo pia. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu ilitolewa kwa mara ya kwanza Aprili 13, 2023, siku ya kuzaliwa kwa Mwalimu. Yafaa ikumbukwe kwamba mzee huyo wa Butiama, mzigo wa nchi changa ukiwa mabegani mwake, alipata nafasi ya kutafsiri Juliasi Kaizari mwaka 1963 na Mabepari wa Venisi mwaka 1969. Rais aliyekaa usiku na akina Bruto na Shailoki hakuona kwamba kufikiri mambo ya kubuni ni kazi ya wavivu. Itakuwa aibu kwa mkoa uliomzaa iwapo tuzo yenye jina lake itakuwa inakwenda daima kwa watu wa mikoa mingine.

Kwa ndugu zetu ambao fikra zao hazitulii, tunasema: hamna ugonjwa, na hamna deni la kumwomba mtu radhi. Mna mifugo mingi. Jengeni zizi, ingieni humo kila siku kwa saa yake, malizeni mlichokianza, na msiwalishe ng'ombe wenu katika mashamba ya jirani. Na kwa sisi tulio wengi, tunaolala usingizi tukiguswa na mto, wajibu wetu ni mdogo zaidi: tusiwapige mawe wakiwa njiani kwenda malishoni.